Karai la Shosho

Mke wangu aliniambia mara tatu kwamba yale maji yanamshika. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilikwenda kuyapima, nikarudi nikamwambia hakuna kitu. Mara ya tatu sikumjibu, kwa sababu kufikia wakati huo nilikuwa nimeanza kumwogopa yeye mwenyewe. Sijawahi kuyasema mambo haya yote kwa mpangilio, hata mbele yake, na ninaona haya kuyaandika, lakini nitayaandika.

Nilikuwa fundi wa mabomba. Tulikuwa tumekodi chumba cha mabati huku Kabiro, Kawangware, katika ploti yenye vyumba kumi na vinne, mfereji mmoja wa maji ya bomba na makelele ya kutosha mji mzima. Kazi zangu nyingi zilikuwa upande wa pili, kwenye nyumba kubwa zenye bustani. Ni mwendo mfupi tu kwa miguu. Unaanza ukiruka matope na unamaliza ukitembea chini ya miti, huku mbwa wakikubwekea kutoka nyuma ya ua.

Katika moja ya nyumba hizo aliishi bwana mmoja wa ofisini, mtu mpole aliyepata kukaa ng'ambo, pamoja na mama yake mzee ambaye sote tulimwita Shosho, yaani bibi. Shosho alikuwa amepatwa na kiharusi na miguu yake haikumbeba tena. Alikuwa akisukumwa kwa kiti cha magurudumu. Daktari alisema maji moto yatamfaa, na yule bwana, badala ya kununua beseni na birika kama watu wengine, aliagiza kutoka ng'ambo bwawa dogo la kuogea la watu wanne, la buluu, lenye viti ndani yake, pampu ya kusukuma mapovu na hita ya kupasha maji. Lilikuja ndani ya sanduku la mbao lililokuwa kubwa kuliko chumba changu. Yeye aliliita kwa Kiingereza. Mimi nilipoliona tu nilisema hili ni karai, na jina hilo likashika, mpaka Shosho mwenyewe akawa anasema, "Nipelekeni kwa karai."

Kulifunga kulituchukua wiki mbili. Nilichimba, nikamwaga zege, nikaliweka sawa kwa pima maji mpaka povu dogo likatulia katikati. Lilizama nusu ardhini, ukingo wake ukabaki juu kimo cha kiti, na kulizunguka nikapanga mawe bapa. Hatua chache nyuma ya mawe nilijenga kibanda cha kuwekea pampu, hita na swichi. Maji yalitoka kwenye mfereji wa bustani kupitia paipu ya chuma iliyopita chini ya ardhi na kuibukia ndani ya kile kibanda.

Upande wa stima ulifanywa na rafiki yangu, fundi wa umeme aliyeishi Silanga, Kibera. Tulitoka sehemu moja huko ziwani na tulikuwa tunapeana kazi. Kitabu kilichokuja na karai kilikuwa na mchoro wa fimbo ya shaba iliyochomekwa ardhini, na waya wa kijani ukitoka kwenye mashine kwenda kwenye fimbo hiyo. Fimbo hatukuwa nayo. Rafiki yangu aliuangalia ule mchoro, akachukua waya wa kijani na kuufunga kwenye ile paipu yangu ya chuma kwa kibano.

"Buda, hapa mtaani tunafunga kwa paipu ya maji, imeisha," alisema. "Paipu iko kwa mchanga, ama haiko?"

Ilikuwa kwenye mchanga. Tukawasha. Maji yakaanza kuchemka bila moto, mapovu yakipanda kutoka kwenye matundu, na Shosho aliposhushwa mara ya kwanza alicheka kwa sauti ambayo mwanawe alisema hajaisikia tangu augue. Nilijivuna kama mtu aliyevumbua maji.

Baada ya hapo nikawa mtunzaji wa karai. Kila Jumatano na Jumamosi nilikwenda kuokota majani, kuosha chujio kwa mpira wa maji, kuweka dawa ya unga na kuyapima maji kwa kichupa ambacho unakitia matone mawili, ukaona rangi. Yule bwana alinipenda kwa kuwa sikuharibu vitu, na alipohitaji mtu wa kumtunza Shosho nilimpendekeza mke wangu. Tulikuwa tumeoana karibu mwaka mmoja. Yeye ni mtu wa Kitui, mrefu, mwenye vidole virefu vyenye nguvu. Angeweza kumnyanyua Shosho kutoka ndani ya maji peke yake na kumketisha kwenye kiti bila kumuumiza. Shosho alimpenda. Alikuwa na sharti moja tu, kwamba asikanyage mawe yake na viatu, maana matope ya viatu huishia kwenye maji. Kwa hiyo mke wangu aliviacha viatu kwenye nyasi na kufanya kazi miguu mitupu.

Tatizo la kwanza lilikuwa kutu. Ile paipu ya chuma ilikuwa kuukuu, na baada ya miezi michache maji mapya yakawa yanaingia na rangi ya chai ya rangi. Shosho alikataa kuingia. Nilifikiri na kuona dawa yake. Kule Kibera maji yote hupita kwenye paipu nyeusi za plastiki. Wauza maji wa Silanga wanazitandaza njiani, unaziruka ukitembea, na hazijui kutu ni nini. Nikaenda nikanunua paipu ya plastiki, nikaing'oa ile ya chuma yote, nikaweka mpya. Kwenye kibanda niliukuta waya wa kijani wa rafiki yangu umefungwa kwenye chuma. Nikaufungua kwa uangalifu, na nilipomaliza kuweka plastiki nikaurudisha palepale kwenye paipu mpya, nikaukaza kwa kibano hadi ukakaa vizuri kabisa. Sikutaka mtu aje aseme nimeharibu kazi ya mwenzangu.

Ningemwuliza yeye mwenyewe, angeniambia. Lakini alikuwa amerudi nyumbani ziwani kumwuguza baba yake, na wakati huo wetu hakukuwa na simu mfukoni. Hata hivyo sidhani ningeuliza. Paipu ni paipu, ndivyo nilivyojua.

Maji yakawa meupe. Kwa majuma kadhaa kila kitu kilikuwa sawa, kisha ikaanza ile mvua ya El Nino.

Mbwa ndiye aliyetangulia. Walikuwa na mbwa mmoja mkubwa mzee aliyezoea kusimama kwenye mawe na kunywa maji ya karai, kosa ambalo nilikuwa nikimfukuzia kila mara. Jumatano moja nilimwona akiinamisha mdomo wake, kisha akalia kilio kifupi na kuruka nyuma. Hakukimbia mbali. Aliketi mwisho wa nyasi, masikio yamelala, akalitazama karai mpaka nilipomaliza kazi. Siku nyingi zilizofuata nilimkuta amekaa palepale, akitazama, na hakukanyaga tena yale mawe.

Wiki hiyohiyo mke wangu aliniambia. Tulikuwa tunakula.

"Hiyo maji inanishika," alisema.

"Inakushika aje?"

"Nikiweka mkono, inanitembelea hapa mpaka kwa kiwiko. Kama siafu. Halafu nikimtoa Shosho ndio inazidi. Ni kama haitaki atoke."

Nilicheka. Nilimwambia maji moto husisimua damu, na kwamba yeye anatoka kwenye ukame, hajazoea maji mengi. Alicheka pia, kidogo.

Mara ya pili hakucheka. Nilikwenda Jumamosi, nikachuchumaa kwenye mawe nikiwa na akala zangu, zile sandali za tairi la gari ambazo mafundi wote wa mtaani walivaa, na nikazamisha mkono mpaka begani. Maji yalikuwa ya vuguvugu, mazuri. Nikangoja. Nikautoa mkono, nikautia tena. Mapovu yalipanda na kupasuka. Hakuna kilichonigusa. Shosho hakunikataza kuvaa akala, kwa kuwa mimi nilikuwa fundi na fundi huonekana kama sehemu ya mashine.

"Hakuna kitu," nilimwambia mke wangu jioni. "Nimepima mimi mwenyewe. Umechoka tu."

"Sawa," alisema. Alikuwa akiitazama mikono yake, akiigeuza pande zote mbili.

Kisha Shosho naye akaanza, ila hakuyalaumu maji. Kuketi ndani ya karai hakukumletea shida yoyote. Angekaa saa nzima amefumba macho, mapovu yakimzunguka shingoni. Shida ilikuja pale mke wangu alipoinama, akapitisha mikono chini ya makwapa yake ili amnyanyue. Hapo Shosho alishtuka, mwili mzima. Mwanzo alisema, "Mbona unatetemeka? Unaniogopa?" Baadaye alisema, "Mikono yako iko na nini?" Na kwa kuwa alikuwa mwanamke mwenye akili, alifanya uchunguzi wake. Jumapili mwanawe ndiye aliyemtoa majini. Mwana, ambaye ni mwenye nyumba na hakuna wa kumwambia avue viatu, alikuja na patipati zake za mpira, akamnyanyua mama yake, na hakukuwa na lolote. Jumatatu akaja mke wangu, na kile kitu kikawapo. Shosho alihesabu hivyo kwa wiki tatu.

Mke wangu akabuni njia ya kumtuliza. Kabla hajamgusa, alisema, "Shosho, ni mimi, nakushika sasa," kisha akangoja mpaka bibi yule aitikie. Nilimsikia kwa masikio yangu Jumatano moja nikiwa nyuma ya kibanda nikiosha chujio. Sauti yake ilikuwa ya upole sana. Baada ya hapo nilisikia wote wawili wakivuta pumzi kwa pamoja, kwa nguvu, kama watu waliomwagiwa maji baridi. Nilichungulia. Mke wangu alikuwa amemshikilia Shosho na meno yameuma mdomo wa chini. Hakumwachilia mpaka alipomweka kitini. Kisha akaenda nyuma ya nyumba na kukaa chini, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

Hiyo ndiyo siku aliyoniambia mara ya tatu, njiani tukirudi. Sikumjibu.

Sharti niseme kwa nini. Nilipomwoa, mama yangu hakufurahi. Kwetu husemwa mambo kuhusu watu wa Kitui, na Nairobi nzima huyasema, wengine kwa utani, wengine bila utani hata kidogo: kwamba wana dawa za uchawi, kwamba kuna vitu hurithishwa binti kutoka kwa bibi yake, hukaa mwilini bila yeye kujua. Mama aliniambia niangalie. Nilimwambia hizo ni porojo, na nilikuwa nikiamini nilichosema. Lakini sasa nilikuwa nimeyapima maji kwa mkono wangu mwenyewe na maji yalikuwa safi. Mwenye nyumba naye aliyagusa, hakuona kitu. Kama shida haiko kwenye maji, iko wapi? Fundi hutafuta palipovuja kwa kuondoa sehemu zilizo nzima moja baada ya nyingine, na nilipoondoa zote alibaki yeye.

Nilianza kuiogopa mikono ya mke wangu. Nilikuwa nikipokea sahani kutoka kwake kwa kushika upande wa mbali. Akinigusa begani nilijikaza. Kitanda chetu kilikuwa cha futi tatu na nusu, na katika kitanda hicho nilipata namna ya kulala ubavuni, uso kwenye mabati, nikibakiza nafasi kati yetu. Mvua ilipiga paa, na mimi nikalala macho wazi nikisikiliza kama anapumua sawasawa. Niliona haya wakati huohuo niliokuwa nikiogopa, na haya haikupunguza hofu hata kidogo.

Habari zilifika Kabiro bila miguu. Nadhani ni mtunza bustani wa ile nyumba aliyezileta. Jirani yetu wa mlango wa tatu alikuwa na mtoto mchanga ambaye kila asubuhi alimwachia mke wangu akienda mferejini. Asubuhi moja alipita na ndoo mkono mmoja na mtoto mkono mwingine, akihangaika, maji yakimwagikia miguuni.

"Si uniachie," mke wangu alimwambia.

"Ako sawa," jirani alisema bila kusimama. "Leo ako na homa kidogo."

Mtoto alikuwa akicheka. Mke wangu aliingia ndani, akamimina chumvi kwenye beseni na kuosha mikono, akaisugua kwa muda mrefu mpaka ikawa myekundu. Nilikuwa nimekaa kitandani nikifunga kamba za akala. Ningeweza kusimama nikaishika mikono ile ndani ya maji ya chumvi. Ilikuwa hatua mbili tu. Nilimaliza kufunga kamba nikaenda kazini.

Jumamosi hiyo alifutwa. Shosho alimwambia mwanawe kwamba ama yule msichana aondoke ama yeye asiingie tena kwenye karai, na mwana, ambaye hakuamini mambo ya dawa lakini alimwamini mama yake, alifanya alilofanya. Mke wangu alitoka na viatu vyake mkononi, hakuvivaa mpaka alipofika langoni. Mimi nilibaki. Walinitaka nibaki, na mimi nikabaki.

Mahali pake akaletwa nesi, mwanamke mnene wa makamo aliyevaa raba nyeupe. Shosho alimwambia avue viatu. Nesi akasema yeye amefanya kazi hospitali miaka mingi, na hajawahi kuvua viatu kwa ajili ya mgonjwa yeyote, asijaribiwe. Akamtoa Shosho majini na raba zake miguuni, na hakukuwa na lolote. Siku ya pili, hakuna. Wiki nzima, hakuna.

"Umeona sasa?" Shosho aliniambia, akiwa amekaa majini, mvuke ukimpanda usoni. "Maji imetulia."

Nilisema ndiyo. Nilirudi nyumbani siku hiyo na sikuweza kumtazama mke wangu. Alikuwa amepika mboga na ugali. Alisukuma sahani mezani kuelekea kwangu kwa ncha ya kijiko, bila kuigusa, na mimi nilishukuru moyoni. Hicho ndicho kitu ninachokionea haya kuliko vyote.

Jumatano iliyofuata mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kwenye mteremko wa kutoka Kabiro matope yalinishika mguu, na nilipouvuta, mshipi wa akala ulichomoka na misumari yake yote. Nilifika kule nimebeba akala mbili mkononi, nikanawa miguu kwa mfereji na kwenda moja kwa moja kwenye mawe ili nipime maji kabla Shosho hajaletwa. Yule mbwa alikuwa kwenye nafasi yake mwisho wa nyasi. Aliponiona nakanyaga mawe yenye maji alisimama.

Niliinama nikatia kichupa majini.

Siwezi kusema niliumia, maana maumivu yalikuja baadaye. Mkono ulikoma kuwa wangu. Vidole vilikikaza kichupa bila mimi kutaka, kiwiko kikajikunja, na kitu kikapanda kifuani na kutikisa humo, kwa mdundo wa haraka na wa kufanana, kama cherehani. Nilitaka kupiga kelele na mdomo ukakataa. Niliyaona mapovu yakipanda taratibu mbele ya macho yangu. Kisha uzito wangu ulinivuta nyuma, miguu ikateleza, nikaangukia mgongo kwenye nyasi, na kile kitu kikaniachia.

Nililala pale mvua ikininyeshea usoni. Nilichohisi kwanza kilikuwa furaha. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, nikisema, "Si yeye. Si yeye." Mbwa alikuja akaninusa sikio.

Furaha haikukaa. Nilipoweza kusimama nilivaa ile akala nzima mguu mmoja, nikasimama kwa mguu huo kama korongo, nikagusa maji kwa mgongo wa kidole. Hakuna. Nikaivua, nikasimama kwenye mawe kwa mguu mtupu, nikagusa tena kidogo tu. Kilikuwapo, kikinisubiri. Akala zangu, patipati za bwana, raba za nesi: vyote mpira. Katika nyumba ile nzima ni mke wangu na mbwa tu waliokuwa wakikanyaga mawe yale miguu mitupu, na wote wawili walikuwa wamesema, kila mmoja kwa lugha yake.

Niliingia kibandani nikazima swichi kubwa. Chuma cha ndani ya hita kilikuwa kimeoza, stima ikivujia kwenye maji. Hilo huweza kutokea, na ndiyo sababu kuna waya wa kijani: kuichukua stima iliyopotea na kuipeleka ardhini. Niliufuata ule waya kwa macho. Ulishuka ukutani vizuri, umenyooka, mpaka kwenye kibano kilichokazwa vizuri, kwenye paipu ya plastiki. Rafiki yangu aliufunga kwenye chuma kilichoingia ardhini. Mimi nilikiondoa chuma, nikaufunga kwa ustadi wangu wote kwenye kitu kisichopeleka stima popote. Stima iliyovuja haikuwa na njia ya kufika ardhini ila kupitia mwili wa mtu asiye na viatu. Njia hiyo ilikuwa mke wangu, kila siku isipokuwa Jumapili, akiwa amemkumbatia bibi wa watu na kukataa kumwangusha.

Nilimweleza mwenye nyumba siku hiyohiyo, sikuficha kwamba ni kazi yangu. Alikaa chini. Siku chache baadaye alileta fundi mwenye vyeti, hita ikabadilishwa, na fimbo ya shaba ikachomekwa ardhini kama mchoro ulivyosema tangu mwanzo. Lakini siku ileile alisema mke wangu arudi kazini akitaka, na kwamba yeye mwenyewe atamwomba radhi. Kisha akaniomba nimweleze mama yake.

Shosho alinisikiliza mpaka mwisho, blanketi magotini.

"Stima iko kwa ukuta," alisema. "Ile kitu ilikuwa kwa vidole ya yule msichana. Mimi niliisikia na mwili yangu."

"Shosho, ilikuwa inapita tu kwake. Ilinishika mpaka mimi."

"Na kama haikuwa yeye, kwa nini wewe ulikuwa unamwangalia hivyo?" Macho yake yalikuwa mazima kabisa. "Nilikuwa nakuona. Akininyanyua, wewe uko hapo nyuma na chujio, unaangalia mikono yake. Hata mimi sikuwa na uhakika mpaka nikaona bwana yake anaogopa."

Nilimnyooshea blanketi magotini nikaondoka.

Nilirudi nyumbani nikichechemea kwenye matope, miguu mitupu. Mke wangu alikuwa mlangoni anachambua maharagwe. Nilichutama mbele yake nikamwambia yote, hita, waya, paipu, akala, mbwa. Nilimwonyesha vidole vyangu, ambavyo bado vilikuwa vinacheza. Aliendelea kuchambua. Alitoa kijiwe, akakitupa.

"Kwa hivyo ilibidi maji ikuchape ndio uamini," alisema.

"Nisamehe."

"Mdomo yangu haikutosha."

"Nisamehe, mama."

"Nilikuwa najua," alisema. "Siku hizi unalala ukishika ukuta. Nilikuwa nafikiria labda ni kweli, kama hata wewe umeona. Nilikuwa nalala nikikalia mikono yangu, nisije nikakugusa na usingizi."

Nilinyoosha mikono nishike yake. Alirudi nyuma haraka, maharagwe yakamwagika, na akaificha mikono kwenye leso aliyojifunga kiunoni. Watu walipita na ndoo zao. Kisha akaitoa polepole, akaisogeza mpaka karibu na yangu, akaiacha hapo bila kunigusa.

"Ni mimi," alisema. "Nakushika sasa."

Alingoja. Nilipoitikia kwa kichwa ndipo akanishika.

Kazini hakurudi, na mimi pia niliacha karai lile mwezi huo. Siku moja jirani alimleta tena mtoto akienda mferejini, na mke wangu alimpokea. Tulihama Kabiro baadaye. Tuna watoto watu wazima sasa, na wanadhani ni utani wetu wa zamani, mama yao anavyosema maneno yale kila anapotaka kumgusa baba yao, hata kama ni kumtoa uzi kwenye kola. Nimemwomba aache. Husema ameshaacha, na kesho yake husema tena.

Mwezi uliopita nilikuwa na homa. Alikuja na kitambaa kilicholowa maji, akasimama kando ya kitanda. Nilikuwa nimefumba macho lakini nilikuwa macho. Nilimsikia akisema, "Ni mimi, nakushika sasa," kwa sauti ileile aliyotumia pale kwenye mawe. Sikuitika mara moja, nikitaka kuona kama baada ya miaka yote hii atanigusa tu. Maji yalidondoka kutoka kwenye kitambaa yakaanguka sakafuni, tone baada ya tone. Alisimama pale mkono umenyooka, akingoja, mpaka nikasema ndiyo.